Mvuke Usioonekana

Wasikilizaji mlio Homa Bay, Mbita, Ndhiwa, Awendo na Migori mjini, hadi Muhuru Bay kule mpakani, leo nina swali la jikoni. Chukua vikaango viwili vya chuma, vitupu, visivyo na mafuta. Kimoja kimepata joto la digrii 150, cha pili digrii 220. Dondosha tone moja la maji kwenye kila kimoja. Tone lipi litakauka kwanza?

Wengi mtanijibu kwamba ni lile lililoangukia kikaango chenye moto zaidi. Sivyo. Tone la digrii 150 huchacharika na kutoweka kwa sekunde chache tu. Lile la digrii 220 hujikunja likawa tufe dogo, likaanza kuteleza huku na huko bila kelele, na laweza kukaa dakika nzima au zaidi kabla ya kwisha. Kikaango kimeongezwa moto, na maji yamechelewa kukauka.

Aliyezoea kupika chapati amekwisha kuliona jambo hili mara nyingi. Kabla ya kutandaza chapati ya kwanza hunyunyiza maji kidogo juu ya chuma. Maji yakilala na kufanya mapovu, anasubiri. Yakikimbia yakiwa duara, anajua chuma kimepita kiasi na anapunguza makaa. Hajanunua kipimajoto na hakihitaji. Tone la maji linampa kipimo ambacho fundi wa maabara asingekidharau.

Sababu yake ni hii. Tone linapogusa chuma chenye moto mkali mno, maji ya chini kabisa hugeuka mvuke papo hapo, kabla ya tone zima kupata nafasi ya kulala. Mvuke ule hulinyanyua tone. Kuanzia hapo maji hayagusi chuma tena. Yamelala juu ya godoro la mvuke lenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Na mvuke ni mpitishaji hafifu wa joto. Kwa hiyo moto uliomo kwenye chuma unalifikia tone polepole. Kwenye kikaango cha digrii 150 godoro hilo halijaweza kuundwa, maji yanagusana na chuma moja kwa moja, na joto linaingia kwa kishindo.

Aliyeandika habari hizi hadi jina lake likabaki kwenye vitabu alikuwa daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, mwalimu wa utabibu katika chuo cha Duisburg. Mwaka 1756 alichapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu tabia za maji ya kawaida. Alichukua kijiko cha chuma, akakiweka kwenye makaa hadi kikawa chekundu, akakitilia tone la maji na kuhesabu muda. Tone la kwanza lilikaa nusu dakika hivi. La pili, kijiko kikiwa kimeanza kupoa, lilikaa sekunde kumi hivi. Yaliyofuata yalidumu sekunde chache tu. Akaweka mshumaa nyuma ya kijiko, akachungulia, akauona mwanga ukipita kati ya tone na chuma. Hapo palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kulikuwa na kitu kisichoonekana.

Nami leo nataka tuzungumze juu ya kitu hicho kisichoonekana. Watu husema wameuona mvuke ukitoka kwenye birika. Walichokiona ni wingu jeupe, na wingu hilo ni matone madogo sana ya maji yaliyokwisha kupoa hewani. Mvuke wenyewe hauna rangi. Tazama mdomo wa birika linalochemka kwa nguvu: pale karibu kabisa na bati pana nafasi ndogo inayoonekana kuwa tupu, kisha wingu linaanza. Nafasi ile tupu ndiyo mvuke, na ukiweka kidole hapo utaunguzwa vibaya kuliko ukikichovya kwenye maji ya moto. Kubadilisha maji yanayochemka yawe mvuke hula nguvu ya joto zaidi ya mara tano ya ile iliyotumika kuyapandisha kutoka baridi ya barafu hadi kuchemka. Mvuke ukigusa ngozi na kurudi kuwa maji, deni hilo lote hulipwa kwenye ngozi yako.

Tukae jikoni kidogo, maana kuna pesa tunazozichoma bure. Maji yakishachemka hayaendelei kupata joto, hata ukirundika makaa namna gani. Nyongeza yote ya moto huenda kutengeneza mvuke. Sufuria ya nyoyo inayotokota taratibu na ile inayorukaruka na kumwagikia jiko zina joto lile lile, na mahindi na maharagwe ndani yake yataiva kwa muda ule ule. Tofauti ni gunia la makaa. Ikishachemka, funika, punguza moto, uendelee na shughuli zako.

Joto lenyewe la kuchemkia halilingani kila mahali. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, na kwa hiyo ufuoni Homa Bay huchemka kwenye digrii 96 hivi. Nyahururu, iliyo juu ya mita 2,300, ni karibu 92, na ndiyo maana mpishi wa huko hungoja maharagwe muda mrefu kuliko ndugu yake wa Pwani. Lakini msiwe na hofu kuhusu maji ya kunywa. Digrii 96 zinatosha kabisa kuua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Maji ya ziwani yakishachemka kwa nguvu, yamefika. Kuyaacha robo saa nzima juu ya jiko ni kuongeza gharama tu.

Sasa twendeni kwenye karai, kwa sababu huku kwetu elimu hii yote iko kwenye karai.

Karai la mafuta yaliyofika digrii 180, bila samaki ndani, liko kimya. Mafuta ya kupikia hayachemki kwenye joto hilo. Kelele tunayoisikia ngege anapotumbukizwa ni kelele ya maji: maji yaliyo kwenye ngozi na nyama ya samaki yanageuka mvuke na kutoka mbio. Viputo vyote mnavyoviona vinapanda ni mvuke unaokimbia. Na mvuke huo una kazi mbili ambazo wakaanga samaki wanazijua kwa mkono, hata kama hawajaulizwa na mtu wa chuo.

Ya kwanza, unamlinda samaki. Maadamu maji yangalimo ndani ya nyama, nyama ile haivuki sana joto la maji kuchemka, ingawa mafuta yaliyo nje ni karibu mara mbili yake. Ngozi inayokauka ndiyo inayopanda joto, ikabadilika rangi na kunukia. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na protini zinavyoungana zikipata joto na kutoa rangi ile ya kahawia. Ya pili, mvuke unaotoka unayazuia mafuta yasiingie. Mapovu yakipungua na mlio ukishuka, mlango umefunguka. Mama aliyekaa na karai miaka mingi anamtoa samaki kwa sikio. Aliyechelewa anauza samaki aliyelewa mafuta.

Ndiyo sababu pia hawajazi karai. Ukitumbukiza mbuta vipande kumi kwa pamoja ili kumridhisha mteja mwenye haraka ya kupanda matatu, mafuta yanapoa, mvuke unakosa nguvu, mafuta yanapenya, na samaki anatoka laini na mzito. Mteja huyo huyo atalalamika njiani. Zile chanjo za kisu ubavuni mwa ngege nazo hufungua njia: joto linaingia, mvuke unatoka, na ngozi haipasuki ovyo.

Kurukaruka kwa mafuta nako kuna maelezo yake. Maji ni mazito kuliko mafuta. Tone likianguka kwenye karai halielei, linazama. Huko chini linazungukwa na mafuta yenye joto linalozidi sana la kuchemkia, kisha ghafla linageuka mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Tone dogo nalo linadai nafasi yake kwa kiwango hicho hicho, na mafuta yaliyo juu yake yanarushwa usoni mwa mpikaji. Omena waliooshwa na kutiwa wakiwa bado wanachuruzika ndio hatari zaidi, kwa sababu kila mmoja amebeba maji yake. Wachuje, wapanguse au waache upepo wa ziwani uwapitie kwanza.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni mafuta yakishika moto. Mafuta mengi ya kupikia huanza kutoa moshi kwenye digrii 200 na zaidi. Yakiachwa yaendelee hadi kuvuka 350 hivi, huweza kuwaka yenyewe bila kuguswa na ndimi za moto. Mtu anaona karai linawaka, mkono wake unakwenda kwenye ndoo ya maji. Wasikilizaji, naomba mnisikie hapa. Maji yale yatazama chini ya mafuta, yatalipuka kuwa mvuke, na mvuke utayarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Vibanda vya mabati na mbao havihimili moto kama huo. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika karai kwa kifuniko au sinia ya chuma, uliache hapo hapo mpaka lipoe. Usilibebe kulikimbiza nje. Ufuoni, mchanga mkavu nao unasaidia; mchanga mbichi una maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia.

Aliyeungua apewe maji safi yenye ubaridi yanayotiririka juu ya kidonda kwa dakika ishirini, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga, mayai na siagi hubaki juu ya ngozi na kumpa muuguzi kazi ya kuyaondoa.

Tukitoka ziwani tukapanda kuelekea Ndhiwa na Awendo, tunaingia nchi ya miwa. Kwenye mitambo midogo ya sukari nguru utakuta masufuria makubwa ya wazi yamepangwa juu ya tanuri refu linalolishwa makapi ya miwa yaliyokauka. Maji ya muwa sehemu kubwa ni maji matupu. Yanapovukizwa, kinachobaki kinazidi kuwa kizito, na kadiri kinavyozidi kuwa kizito ndivyo joto lake la kuchemkia linavyopanda, hadi kwenye digrii 118 au 120 ambapo nguru iko tayari kumiminwa. Fundi haangalii saa. Anainua mwiko na kutazama jinsi uji ule unavyoanguka. Mtu akirukiwa na uji huo huumia kuliko angerukiwa na maji, maana una joto zaidi na unaganda kwenye ngozi badala ya kutiririka.

Kiwanda kikubwa cha sukari cha South Nyanza pale Awendo, ambacho watu wote wanakiita Sony, kimejengwa kwa fikra nyingine. Badala ya kuunguza sukari kwenye moto wa wazi, viwanda vya aina yake huchemshia maji ya muwa ndani ya mapipa yaliyofungwa, hewa ikiwa imevutwa nje. Hewa ikipungua, joto la kuchemkia linashuka, kama tulivyoona Nyahururu, ila hapa linashushwa kwa makusudi. Na mvuke unaotoka pipa la kwanza unatumwa kulichemsha la pili, wa la pili kulichemsha la tatu. Moto mmoja unafanya kazi mara kadhaa.

Aliyebuni mpango huo alikuwa Norbert Rillieux, aliyezaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1806, mama yake akiwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Alisomea uhandisi Paris na mwaka 1843 akapata hataza ya mtambo wake. Kabla yake, kwenye mashamba ya miwa ya Louisiana na visiwa vya Karibi, watumwa walisimama juu ya masufuria ya moto wakiteka uji wa sukari kwa makata, kutoka sufuria moja hadi nyingine, na wengi waliungua. Nashangaa kwamba jina lake halitajwi kwenye vitabu vya shule zilizozungukwa na miwa.

Boila za viwanda zinaturudisha kwa lile tone letu. Mwaka 1934 profesa Mjapani, Shiro Nukiyama, alizamisha waya mwembamba majini na kuupitishia umeme. Alivyozidisha umeme, mapovu yaliongezeka na waya ukapoozwa vizuri. Kisha ulifika mpaka ambapo mapovu yaliungana yakaufunika waya wote kwa mvuke. Godoro lile lile la Leidenfrost. Joto likakosa pa kutokea, na waya ukaruka ghafla hadi kiwango cha joto kinachoweza kuuyeyusha, ukiwa umezama ndani ya maji. Wahandisi wa boila na wa vinu vya nyuklia wanakokotoa mahesabu yao kwa kuuogopa mpaka huo.

Mfugaji naye anaweza kuyaona haya bila moto wowote. Mhudumu wa mifugo anapokuja kumpandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, huja na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Ikimwagika kidogo sakafuni, matone yake hukimbia kila upande yakiwa duara, hayalowanishi kitu. Kwa naitrojeni, sakafu ya kawaida ya zizi la Rongo ni kikaango chenye moto kupita kiasi.

Vijana mnaosoma fizikia, msiseme mambo makubwa hugunduliwa mbali tu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa yenye sukari kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, alichekwa darasani. Baadaye alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alijaribu mwenyewe badala ya kucheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini. Mabishano hayo yanabeba jina la Mpemba, nami naona hiyo ni heshima kubwa kuliko maksi za mtihani.

Nimeiacha dhahabu mwisho kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nyatike, Macalder, Osiri, Masara: huko watu wanasaga mawe, wanayaosha, kisha wanachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono. Zebaki hushikana na dhahabu, ikakamuliwa kwenye kitambaa na kubaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa kwenye makaa ili zebaki iondoke. Zebaki juu ya bati hujikunja kuwa tufe zinazokimbia, ukadhani ni lile tone la maji juu ya chuma cha moto. Mfano ni wa macho tu. Zebaki hujikunja hata ikiwa baridi, kwa kuwa chembe zake zinavutana kwa nguvu sana. Lakini mwendo wake kwenye moto ni ule ule wa kila kimiminika: hufika joto lake la kuchemkia, digrii 357, ikawa mvuke.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Haukuunguzi, haukukohozi papo hapo, haukupi onyo. Unaingia mapafuni, kutoka hapo hadi kwenye damu na ubongo. Mtetemeko wa mikono, usahaulifu, hasira zisizo na sababu na maradhi ya figo huja baadaye, wakati watu wamekwisha kutafuta mchawi. Mtoto aliye tumboni na mtoto anayelala kwenye chumba kilichochomewa donge ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu zebaki hupoa ikanata ukutani, kwenye nguo na kwenye masufuria, na huendelea kutoa mvuke hata bila moto. Inayobaki husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani, vijidudu vya tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, na sumu hiyo huingia kwenye samaki. Japani waliyaona hayo Minamata, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa kuzuia zebaki uliotiwa saini mwaka 2013 umepewa jina la mji huo.

Sitawaambia wachimbaji waache kesho. Najua karo ya watoto inatoka kwenye donge lile, na najua dalali hangoji. Ila kuna chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopita kwenye maji baridi: donge linawekwa ndani, moto chini, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa na kurudi kuwa zebaki unayoweza kuitumia tena. Kikitumiwa vizuri hurudisha zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza, na kikundi cha wachimbaji kinaweza kuchanga kikanunua kimoja. Serikali za kaunti nazo zingefanya jambo la maana kuvigawa machimboni kabla ya kupeleka hotuba.

Basi, wasikilizaji, nawaomba mawili kabla ya taarifa ya habari. Mkaanga samaki, weka kifuniko cha chuma kando ya karai lako leo jioni. Na wewe unayechoma donge ndani ya nyumba, jikoni, watoto wakiwa karibu: lipeleke nje, mbali na watu, upepo ukiwa mgongoni kwako, hadi mpate kile chombo cha bomba.